Hodi Kwenye Simu

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kufuta salamu. Nilizifuta kwa kalamu nyekundu, mbele ya mwanamke aliyeziandika, na nilipomaliza nikamshukuru kwa ushirikiano wake.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kuna kituo kidogo cha afya huko Greenbelt, Marekani, ghorofa ya pili, juu ya daktari wa meno, ambacho huwatumia vijana ujumbe mfupi wa simu ili kuwakinga na VVU. Si vijana wote. Ni wavulana wanaowapenda wavulana, na wale wanaopenda huku na huku, walio sekondari au waliomaliza juzijuzi. Hujiandikisha wenyewe kwa kutuma neno ANZA. Tunawakumbusha kupima, tunawaeleza kuhusu PrEP, dawa anayomeza mtu asiye na virusi ili asivipate, na tunajibu maswali ambayo wanaona haya kumuuliza mtu ana kwa ana. Wakituchoka wanatuma ACHA, nasi tunaacha. Ujumbe wa Kiingereza na wa Kihispania ulikuwepo tangu zamani. Mimi niliajiriwa kwa ajili ya Kiswahili, kwa sababu eneo hili lina watoto wengi wa Mombasa, Zanzibar, Bujumbura na Bukavu, na mtu mmoja pale ofisini aliwaza kwamba huenda baadhi yao wangependa kuulizwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na Kiswahili changu nilikuwa nimejifundisha mwenyewe. Hili linahitaji maelezo, maana mama yangu ni mtu wa Mombasa na nyumba yetu inazungumza Kiswahili kutwa. Lakini nililetwa Marekani kabla sijaanza darasa la kwanza, na kwa miaka mingi mama alisema kwa Kiswahili nami nikajibu kwa Kiingereza, kama redio mbili zilizowashwa katika chumba kimoja. Nilipokuwa kijana hali hiyo ikanitia aibu, na mimi nikiingiwa na aibu sipumziki. Nikajifungia chumbani kwangu, chini ya nyumba yetu ya Bowie, mji jirani wa Greenbelt, na kamusi, kitabu cha sarufi na magazeti ya mtandaoni. Nikatoka huko nikisema Kiswahili ambacho hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kukisema. Nilikuwa nikimwomba mama chumvi, ananitazama kama ameletewa barua ya serikali.

Muuguzi mkuu wa kituo, mama wa makamo kutoka Bukavu, Kongo, ndiye aliyenifanyia usaili.

"Hii Kiswahili ulisomea wapi?" akaniuliza.

"Nimejifundisha mwenyewe."

"Inasikika."

Nilitembea na sifa ile mwezi mzima kabla sijaelewa kwamba haikuwa sifa.

Kabla sijafika, muuguzi alikuwa ameandika rasimu zake. Ya kwanza ilisema hivi: "Jambo mutoto yangu. Habari ya asubui? Ulilala muzuri? Ba nyumbani bote beko bazima? Njo nakukumbusha kuya kupima VVU siku ya posho." Siku ya posho kwao ni Jumamosi. Nilisoma na mwili ukaniwasha. Sikuona mama anayemsalimia mtoto. Niliona viambishi visivyokaa mahali pake.

"Ujumbe mmoja wa simu una nafasi ya herufi mia na sitini," nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyevumbua simu. "Salamu zimekula zaidi ya nusu."

"Mais juu ya nini unafuta bonjour yangu?" akauliza. Bonjour, kwa Kifaransa chao, ni salamu.

"Kwa ajili ya ufanisi."

"Huyo Ufanisi ni nani? Atakuya lini tumusalimie?"

Sikucheka. Nilikuwa kazini. Baada ya siku mbili nikamletea ujumbe wangu: "Kumbuka kupima VVU Jumamosi hii. Ni bure, ni siri, huhitaji ruhusa ya mzazi. PrEP ipo. Jibu NDIYO tukutumie gari." Kila neno ni kweli, maana sheria ya huku inamruhusu kijana kupima bila kumuuliza mtu. Na kila neno lilikuwa limenitoa jasho. Kuamua kati ya "siri" na "faragha" kulinichukua asubuhi nzima. Niliusoma ujumbe ule kwa sauti chooni, nikifungua bomba ili mtu asinisikie, kana kwamba nilikuwa nafanya jambo la ovyo. Kisha nikajitumia kwenye simu yangu mwenyewe, nikaufungua, nikausoma kama ningekuwa mgeni, nikaona ni mzuri. Nikautuma kwa vijana wote waliochagua Kiswahili.

Wengi wao walijibu kwa Kiingereza, kama nilivyokuwa nikimjibu mama. Mmoja tu alijibu kwa Kiswahili. Sikujua jina lake, wala sheria za kituo haziniruhusu kulijua. Nilijua kwamba ana miaka kumi na saba, kwamba wazazi wake walitoka Zanzibar na kwamba anakaa Sterling, kule Virginia, upande wa uwanja wa ndege. Kutoka kwake hadi kwetu ni mbali, na umbali huo ndio aliokuwa akiutaka.

"Wewe ni roboti?" aliandika.

"Hapana. Mimi ni mfanyakazi wa kituo."

"Basi ni mzee. Unaandika kama khutba ya Ijumaa."

"Nina miaka ishirini na miwili."

"Pole sana."

Nikamuuliza kwa nini amechagua Kiswahili, ikiwa wenzake wote wanajibu kwa Kiingereza. Akasema kwenye basi la shule wenzake humchungulia simu, na hakuna hata mmoja anayejua neno la Kiswahili. "Wakiniuliza nani, nasema ni bibi yangu." Niliona hiyo ni akili kubwa. Nikaieleza kwenye kikao, na kwa namna nilivyoieleza ungedhani wazo lilikuwa langu.

Baada ya hapo akaanza kuuliza maswali. Damu wanachukua nyingi? Bima ya baba itapeleka habari nyumbani? Lazima aje na mtu? Hayakuwa maswali ya mtihani wa biolojia. Alikuwa na hofu yake, hakuieleza nami sikumchimba, lakini ilikuwa wazi kwamba halali vizuri na kwamba anataka kujua hali yake. Akishajua, angetaka kuanza PrEP. Nilijibu kila swali kwa uangalifu wa mtu anayebeba trei ya vikombe. Mwishowe akatuma NDIYO. Tukapanga gari limchukue Jumamosi mbele ya maktaba ya mtaa wao. Muuguzi akamwekea nafasi. Mimi nikanunua juisi, kwa sababu aliwahi kuniuliza kama mtu hutolewa damu na njaa.

Alhamisi jioni nikamtumia ujumbe wa kumkumbusha. Ni ule ule, mzuri, usio na kosa. Jibu lilikuja haraka: ACHA.

Mtu akituma ACHA, mtambo wetu unamfungia. Hatuwezi tena kumwandikia hata neno moja mpaka yeye mwenyewe atume ANZA. Nilikimbia hadi kwa muuguzi.

"Labda amekosea kubonyeza," nikasema.

"Herufi ine, zote amekosea?"

"Naweza kumpigia?"

"Hapana."

"Kwa simu yangu mwenyewe?"

"Hapana, papa," akasema, akiniita kama kwao wanavyomwita kijana. "Akisema acha, ni acha. Tukimufata, kesho hakuna mutoto atatuamini. Utangoya."

Utangoya, yaani utangoja. Mimi sijui kungoja. Jumamosi nilikaa mapokezi na juisi yangu. Kila mlango wa lifti ulipofunguka nilisimama. Waliotoka wote walikuwa na miadi yao, isipokuwa mzee mmoja aliyeshika shavu, ambaye nilimpokea kwa furaha kubwa mno kabla hajaniambia kwamba amepotea ghorofa. Mtoto wa Sterling hakuja.

Mtu mwingine angejiuliza kama kijana yuko salama. Mimi pia nilijiuliza, lakini naona aibu kusema kwamba nilianza na sarufi. Nilirudi kwenye ujumbe wangu nikaupekua neno kwa neno, nikitafuta lililomfukuza. Je, "tukutumie gari" ilisikika kama polisi? "Kumbuka" ilikuwa amri? Nikaandika ujumbe ule upya mara nyingi, kila mara ukawa mfupi na mkavu zaidi. Nilikuwa kama mtu ambaye mgeni wake ametoka mbio sebuleni, naye badala ya kumwangalia mgeni anapiga kiti msasa.

Jumapili moja niliendesha gari hadi Sterling. Sikuwa na anwani. Sikuwa na jina. Nilikuwa na sambusa za mama kwenye karatasi na wazo lisilo na miguu. Nilizunguka barabara za kule, katikati ya majengo makubwa yasiyo na madirisha ambayo ndani yake yamejaa kompyuta, nikaegesha mbele ya moja. Nikawaza kwamba pengine ujumbe wangu ulipita humo ndani. Nikalitazama jengo lile, nikala sambusa, na kwa kweli nilikuwa karibu kuliomba radhi. Mlinzi akaja na kigari chake akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo, na hilo ndilo jambo la busara pekee nililosema siku ile.

Aliyenifumbua macho ni mama, naye hakukusudia. Ilikuwa Jumamosi iliyofuata, nyumbani Bowie, mama anakata vitunguu vya kachumbari. Simu yangu nilikuwa nimeiacha jikoni kando ya ubao wake. Mimi nilikuwa chini chumbani na kompyuta, najitumia toleo jipya la ujumbe ili nione linavyosomeka. Nikapanda ngazi kuangalia. Nikamkuta mama ameishika simu yangu, miwani imeteremka puani, anasoma kwenye kioo. Hakuwa ameifungua. Haikuhitaji kufunguliwa. Maneno yalikuwa yamejipanga pale mbele, mtu yeyote ayaone.

"Nani huyu anayekuandikia?" akauliza. "Kiswahili chake ni kizuri."

Naapa jambo la kwanza nililolisikia moyoni lilikuwa furaha.

"Ni mimi," nikasema.

"Wajiandikia mwenyewe?"

"Ni ya kazini, mama. Nilikuwa najaribu."

Akasoma tena, polepole. "Kumbuka kupima VVU." Akaniangalia. "Mwanangu, una ugonjwa?"

"Hapana, mama. Wallahi sina. Ni ujumbe wa vijana. Tunawakumbusha wapime, tunawapa dawa ya kinga."

"Vijana gani?"

Mama alikuwa anajua nafanya "mambo ya simu kwenye zahanati". Zaidi ya hapo hakuwahi kuuliza, na mimi nikamlipa kutouliza kwake kwa kutosema. Hotuba ya jambo hili nilikuwa nayo kichwani tangu nina miaka kumi na minne. Ilikuwa na utangulizi. Nilikuwa nimeihariri kila mwaka na kuboresha msamiati. Ilikuwa hotuba safi.

"Wavulana wanaowapenda wavulana," nikasema.

Kisu kikasimama. "Na wewe?"

"Na mimi."

Hiyo ndiyo hotuba yote iliyotoka. Mama akarudi kwenye vitunguu. Akakata kimoja kizima, vipande vyembamba kuliko kawaida yake.

"Sasa huyu mtu wenu," akasema mwishowe, akiielekeza simu kwa ncha ya kisu, "hana adabu?"

"Mtu gani?"

"Huyu mwandishi. Ndio wewe, sawa. Aingia tu na ugonjwa mkononi, hata hodi hakupiga! Mtoto wa watu yuko na wazazi wake, yuko mezani, yuko wapi, ye' hajui. Aropokwa tu. Piga hodi kwanza, mwanangu. Ukikaribishwa, sema. Usipokaribishwa, nenda zako."

Nikaketi kwenye kiti cha jikoni. Mara zote nilizojitumia ujumbe, nilikuwa nimeishika simu mwenyewe, nikaufungua mwenyewe. Sikuwahi kuutazama kama anavyouona mtu anayepita karibu na simu ya mwingine. Salamu za muuguzi zingechukua nafasi yote ya juu kwenye kioo, na ugonjwa ungebaki chini, usionekane mpaka mwenye simu aifungue. Mimi niliziondoa salamu na kuuweka ugonjwa mlangoni.

"Na haya mengine tutayazungumza," mama akasema bila kuniangalia. "Lete ndimu."

Jumatatu nikamwomba muuguzi radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa aya tatu. Akanikatiza kwenye ya kwanza.

"Mimi sikuwaza mambo ya kioo ya simu," akasema. "Nilikuwa nasalimu tu. Usinipe akili sikuwa nayo."

Tukakaa kuunda utaratibu mpya. Ujumbe wa kwanza utakuwa neno moja: "Hodi?" Kijana akijibu "Karibu", ndipo mengine yafuate. Asipojibu, hatusemi kitu. Nilikuwa tayari nautazama kwa mapenzi, umekamilika kabisa, pale muuguzi aliponivuruga tena.

"Na kama ni mama yake anajibu karibu?"

Kila mtu wa kwetu akiona hodi, atajibu karibu. Mkono unajibu wenyewe. Basi tukakubaliana kila kijana achague neno lake la siri siku anapojiandikisha. Akiijibu hodi kwa neno lake, tunazungumza. Akijibu "Karibu" na hakuna zaidi, tutajua huenda si yeye.

"Na huyo wa karibu tutamujibu nini?" muuguzi akauliza. "Tunyamaze? Ni haya."

Nikafungua droo, nikatoa ile rasimu yake yenye wino wangu mwekundu. Mtu akijibu karibu, mtambo humtumia maneno haya: "Jambo. Habari ya asubui? Ulilala muzuri? Ba nyumbani bote beko bazima?" Na jioni husema habari ya jioni. Niliondoa "mutoto yangu" na habari ya kupima; kwa mengine sikugusa herufi. Nakiri vidole viliniwasha.

Vijana wengine wakachagua maneno yao, ya mpira, ya vyakula, mmoja la tusi ambalo tulimwomba alibadilishe. Wa Sterling alikuwa bado kimya. Ningependa kusema nilijifunza kungoja. Nilikuwa nikifungua orodha ya waliojiandikisha mara nyingi hadi muuguzi akanihamishia kiti mbali na ile kompyuta.

ANZA yake ilikuja siku ya mvua, mchana, wakati natafuna. Mtambo ukamwuliza neno lake. Akajibu: "khutba".

Nikatuma hodi.

"khutba," akaandika. "Ni yule mzee?"

"Ndiye. Uko salama?"

"Niko salama. Nilipaniki tu."

Akanieleza. Kwao jioni simu zote huwekwa juu ya kabati la jikoni watu wakila. Bibi yake ndiye anayekaa karibu na kabati. Bibi hajui Kiingereza. Miaka yote simu ya mjukuu wake imekuwa ikiwaka na maandishi asiyoweza kusoma, na Alhamisi ile, kwa mara ya kwanza, ikawaka kwa Kiswahili. Bibi akafurahi. Akaichukua na kuanza kusoma kwa sauti, mbele ya baba, mama na dada zake. "Kumbuka kupima..."

"Halafu?"

"Halafu akanyamaza. Baba akamwuliza nini hiyo. Bibi akasema matangazo, siku hizi wanawatumia hata watoto. Akanipa simu, kioo kimelala chini. Nikatuma ACHA chini ya meza."

Nililisoma jambo hilo mara kadhaa. Alikuwa amechagua Kiswahili ili kujificha shuleni, na mimi sikuwahi kujiuliza nyumbani nani atakisoma. Mimi, mtu wa nyumba ya namna hiyo hiyo.

"Samahani," nikamwandikia. Peke yake. Bila utangulizi.

"Ah, poa. Jumamosi bado mna gari?"

Tulikuwa nalo. Alikuja. Sikumwona, kwa sababu muuguzi alinituma kununua karatasi za printa dukani, karatasi ambazo niliporudi na kufungua kabati nilizikuta zimejaa. Majibu ya vipimo vyake si yangu kuyajua. Ninachojua ni kwamba jioni ile aliandika, "Leo nitalala," na kwamba bado yuko nasi.

Wiki chache baadaye nilimtumia hodi, likaja jibu: "Karibu." Mtambo ukasalimu kwa Kiswahili cha Bukavu. Likaja jibu jingine, refu, lenye kuuliza afya ya kila mtu wa nyumbani kwetu. Kesho yake mtoto akaandika kwa neno lake: "Yule alikuwa bibi. Anasema rafiki yangu wa Kongo ana adabu. Anataka nimlete nyumbani."

Siku hizi ujumbe wetu wa kwanza una neno moja, na hatusemi la pili mpaka mwenye simu ajibu kwa neno lake. Kabla ya kuutuma nauangalia kwenye simu iliyofungwa. Rasimu za muuguzi sizisahihishi tena. Mama anajua kazi yangu na anajua kuhusu mimi, na kuna siku anayazungumzia hayo na kuna siku hayazungumzii.